Surua Ikiisha, Kazi Haijaisha: Magonjwa Nyemelezi ya Kifua, Kinywa na Macho



Mama mmoja kutoka vilima vya upande wa Kibondo alituletea binti yake wa mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na kitenge kimelowa umande. Alipoulizwa mtoto anaumwa nini alijibu bila wasiwasi: "Alikuwa na surua, lakini imeshakwisha. Upele umepukutika wote. Sasa ni kikohozi tu."

Kikohozi tu! Tulipomfungua nguo tuliona ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Tulihesabu pumzi 68 kwa dakika moja. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na utando mweupe, na jicho la kulia lilikuwa limegandamana kwa usaha. Mtoto huyo alipona baada ya siku nyingi za matibabu, ila jicho la kulia lilibaki na kovu jeupe, na kwa jicho hilo haoni tena.

Mama yule hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyoona wazazi wake wakifanya: alimfungia mtoto ndani, akangoja upele utoke wote, kisha akahesabu kwamba upele ukikauka ugonjwa umekwisha. Wengi wetu huhesabu hivyo hivyo. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona yafaa kuzungumzia yanayokuja baada ya surua, na baada ya mafua makali na UVIKO-19 pia, yaani magonjwa nyemelezi.

NENO LENYEWE

Neno "nyemelezi" wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza katika semina za UKIMWI. Kwa hiyo hadi leo wako wanaoshtuka wakilisikia zahanatini, wakidhani kuwa mganga amekwisha kuwatangazia kwamba mtoto wao ana virusi vya UKIMWI. Sivyo. Kunyemelea ni kumwendea mtu polepole asipoangalia. Ugonjwa nyemelezi ni ule ambao viini vyake hungoja kinga ya mwili ipungue ndipo vishambulie. Virusi vya UKIMWI hupunguza kinga, lakini si vyenyewe tu. Utapiamlo hupunguza kinga. Kisukari hupunguza. Na surua, ugonjwa ambao wazee wetu waliuona kuwa kama hatua ya kukua kila mtoto apitie, hupunguza kinga kuliko watu wanavyofikiri.

Yatupasa kwanza kutofautisha viini vya aina tatu. Virusi ni vidogo kupita vyote, na ndivyo viletavyo surua, mafua makali (yale wataalamu huyaita influenza) na UVIKO-19. Bakteria ni vikubwa zaidi, na dawa kama amoksilini huviua. Kuvu, au fangasi kama wengi tunavyosema, ni jamaa za ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala, na dawa zake ni nyingine kabisa. Amoksilini haiui virusi wala haiui fangasi. Yeyote anayenunua vidonge vinne dukani kwa ajili ya mafua amenunua bure.

Sasa tuangalie mlango unavyofunguka. Njia ya hewa, kutoka puani hadi mapafuni, imefunikwa kwa ngozi laini yenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupepea usiku na mchana, vikisukuma makohozi na uchafu kuelekea juu ili tuteme au tumeze. Virusi vya mafua makali au vya surua huiharibu ngozi hiyo, na vinyweleo vikifa hakuna wa kufagia. Wakati huo huo puani mwa watoto wengi wenye afya nzuri wanaishi bakteria waitwao nyumokokasi bila kuwadhuru. Ni kama wapangaji watulivu. Mfagiaji akiisha kufa na mlinzi akiwa amelala, wapangaji hao huteremka mapafuni, na hapo ndipo huanza homa ya mapafu, tunayoiita nimonia au kichomi. Ndivyo inavyotokea kwamba mgonjwa huanza kupata nafuu, homa hushuka siku mbili tatu, halafu ghafla homa hupanda upya na kifua hubana.

FUNDISHO LA MWAKA 1918

Babu zetu waliliona jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vikiisha, mafua makali yalienea duniani kote na kuua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 50 au zaidi. Huku kwetu Afrika Mashariki yaliwakuta watu waliokwisha kuchoka kwa njaa na kwa kubebeshwa mizigo ya majeshi. Nchi hii ya Buha ilikuwa chini ya Wabelgiji tangu mwaka 1916. Wapagazi na askari walikufa njiani, na vijiji vizima vililala wagonjwa pasipo mtu wa kuteka maji.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, wataalamu wa Marekani walichunguza upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu wakati ule, pamoja na taarifa za uchunguzi wa maiti. Wakakuta kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na virusi vya mafua peke yake. Waliuawa na bakteria wa nimonia waliofuata nyuma. Dawa za kuua bakteria hazikuwepo wakati huo. Leo zipo hata katika zahanati ya kijiji, na hiyo ndiyo sababu tunaandika ukurasa huu kwa moyo wa matumaini.

Hapa tuseme kidogo pembeni. Yupo bakteria mmoja aitwaye himofilasi influenza. Jina hilo alipewa kwa makosa. Daktari Mjerumani Richard Pfeiffer alimkuta mwaka 1892 katika makohozi ya wagonjwa wa mafua, akaamini ndiye aletaye mafua. Ilipofika mwaka 1933 huko Uingereza ndipo virusi vyenyewe vya mafua ya binadamu vilipopatikana, ikajulikana kwamba yule bakteria alikuwa mnyemeleaji tu aliyekutwa mahali pa tukio. Jina limebaki, na bakteria huyo bado yupo. Chanjo inayomzuia mtoto asipate aina yake kali imo ndani ya sindano ya pamoja ya magonjwa matano, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009.

SURUA HUFUTA KUMBUKUMBU

Kinga ya mwili ina kumbukumbu. Mtoto akiisha kuugua ugonjwa fulani, mwili huukumbuka, na ukija tena huwa tayari. Surua ina ubaya wa pekee: huziharibu chembe zile zinazotunza kumbukumbu hiyo. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao walikuwa hawajachanjwa kwa sababu ya msimamo wa kidini wa jumuiya zao. Walipimwa damu kabla ya kuugua surua na baada ya kupona. Ilionekana kwamba walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya askari wa kinga waliokuwa nao dhidi ya magonjwa mengine. Na hao ni watoto wa nchi tajiri, wanaokunywa maziwa kila siku. Je, mtoto wetu anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, akiwa na malaria na minyoo juu yake?

Kwa hiyo tusishangae mtoto aliyepona surua mwezi Juni akirudi zahanatini Julai kwa nimonia, Agosti kwa kuhara, na Septemba kwa usaha wa sikio. Mara nyingi watu husema amerogwa, na hapo huanza safari za kwa waganga wa kienyeji. Ukweli ni kwamba nyumba imeachwa bila mlinzi, na itachukua miezi mingi, pengine miaka miwili au mitatu, kabla mlinzi hajarudi kamili.

Kibondo na Kasulu tunayo sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Baada ya mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993 wakimbizi waliingia kwetu kwa maelfu. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi walikuja tena hata kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Mtu angedhani kwamba watu wanapowasili hivyo, kitu cha kwanza ni blanketi. Lakini katika kambi za namna hiyo wataalamu huiweka chanjo ya surua pamoja na vitamini A kati ya mambo ya kwanza kabisa, sambamba na maji na chakula, kwa sababu watoto wakilala wamebanana katika hema moja, surua huwapitia kama moto wa nyasi kavu, na nimonia hufuata nyuma yake.

WALIYOYAONA MVUMI

Tunapenda kueleza habari moja iliyotokea hapa hapa Tanzania, ambayo dunia nzima imejifunza kwayo. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, inayomilikiwa na ndugu zetu Waanglikana, madaktari waliwafuatilia watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa vitamini A ya kumeza siku ile ile ya kulazwa, na tena siku ya pili. Wengine 92 walipata matibabu ya kawaida. Katika wale 88 walikufa watoto 6. Katika wale 92 walikufa 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa wadogo wa chini ya miaka miwili. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1987, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri vitamini A itolewe kwa watoto wenye surua katika nchi ambako surua huua wengi.

Vitamini A hujenga upya ile ngozi laini ya njia ya hewa, ya utumbo na ya macho. Ndiyo maana mtoto mwenye surua anapaswa kufikishwa zahanatini hata kama anaonekana hana hali mbaya: apate matone yake siku hiyo, na ya pili kesho yake. Mwenye dalili za macho hupewa tena baada ya wiki chache. Kipimo hutegemea umri, na kikizidi kinadhuru, kwa hiyo tusiyatafute matone hayo kwa njia za pembeni.

Tukitaja macho, tutamke wazi jambo linalotuumiza. Madaktari wa macho waliochunguza watoto wa Tanzania wenye vidonda vya jicho, nao mwaka 1987, walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua karibuni. Upungufu wa vitamini A ulikuwa sababu kubwa, lakini baadhi ya watoto waliumizwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Utomvu wa majani, maziwa ya mama, mkojo, maji ya tumbaku: tumeyaona na kuyasikia yote. Jicho la mtoto wa surua lisitiwe kitu chochote ila kusafishwa kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, na kupakwa dawa ya macho aliyoitoa mhudumu wa afya. Kiini cha jicho kikianza kuwa na ukungu, hiyo ni dharura ya siku ile ile.

KINYWA

Utando mweupe mdomoni ni fangasi aitwaye kandida. Naye ni mpangaji wa siku zote, huishi kinywani na tumboni bila ugomvi. Hustawi kinga inaposhuka, na hustawi pia mtoto anapokunywa dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu, kwa sababu dawa hizo huwaondoa bakteria wema waliokuwa wakimbana. Mama anaweza kuutambua hivi: mabaki ya maziwa yakifutwa kwa kitambaa hutoka kwa urahisi, bali utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukikwanguliwa pengine hutoa damu. Usikwanguliwe. Dawa yake ni matone ya nistatini au ile dawa ya zambarau tunayoiita GV, iliyopunguzwa nguvu kwa ajili ya kinywa. Ile kali ya vidonda vya ngozi huunguza mdomo. Mtoto mwenye utando huu huuma ziwa na kuliacha akilia. Asipotibiwa atapungua uzito, na kupungua uzito kutafungulia magonjwa mengine mlango.

Utando ukirudi mara kwa mara bila sababu inayojulikana, ni busara mama na mtoto wapime virusi vya UKIMWI. Tunalisema hili kwa upole. Kupima si hukumu, na dawa hutolewa bure.

Upo ugonjwa mwingine wa kinywa ambao ni nadra, lakini tumeona tusiufiche. Mtoto aliyedhoofika, mara nyingi baada ya surua, hupata kidonda kwenye fizi. Mdomo hunuka vibaya, shavu huvimba, kisha kwa siku chache tu bakteria hula shavu lote hata meno yakaonekana kwa nje. Ugonjwa huo unaitwa noma, na mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa ungali kwenye fizi, dawa za kawaida za bakteria pamoja na chakula chenye nguvu na usafi wa kinywa huusimamisha. Ukichelewa huua, na anayepona hubaki na uso ulioharibika. Basi mtoto aliyetoka kuugua akiwa na fizi zinazotoa damu na harufu mbaya, asingoje siku ya kliniki.

WATU WAZIMA NAO

Tusidhani mambo haya ni ya watoto tu. Wengi mnakumbuka mwezi Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alipoeleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda mfupi, wakiwa na matatizo ya kupumua. Parokia nyingi bado zina pengo lile.

Mwaka huo huo India iliona jambo la kutisha. Wagonjwa waliopona UVIKO-19 walianza kuvimba uso upande mmoja, pua ikatoa uchafu mweusi, macho yakaharibika. Ilikuwa ni fangasi wa aina ya ukungu, ambaye siku zote huishi udongoni na katika majani yaliyooza. Hadi mwisho wa Juni 2021 India ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Wengi walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wametumia dawa jamii ya deksamethasoni na prednisoloni.

Dawa hizo ni njema mahali pake. Mwezi Juni 2020 madaktari wa Uingereza walionyesha kuwa deksamethasoni huokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida. Kazi yake ni kuipoza kinga inapopigana kupita kiasi, na kinga iliyopozwa bila sababu ni nafasi kwa mnyemeleaji. Huku kwetu twaona watu wakinunua prednisoloni dukani kwa kila kikohozi, wengine "ili kupata hamu ya kula". Twawasihi waache, hasa wenye kisukari.

Na mtu mzima au mtoto ambaye kikohozi kinaendelea wiki mbili baada ya mafua au surua, huku akitokwa jasho usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu. Huyo naye ni mnyemeleaji, na ni wa siku nyingi.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Jambo la kwanza ni kujifunza kuhesabu pumzi. Hakuna mashine inayohitajika. Saa ya mkononi au simu yatosha. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, mfunue kifua na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka akifikia 50, wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano akifikia 40, anapumua haraka mno. Apelekwe siku hiyo. Ikiwa mbavu zinabonyea, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamki vema, msingoje mapambazuko. Mwenye pikipiki kijijini aombwe, na jumuiya ndogondogo ichangie mafuta. Tumeona jumuiya zikichanga vizuri sana kwa ajili ya jeneza. Mafuta ya pikipiki ni nafuu zaidi.

Akipewa amoksilini, amalize siku zote alizoandikiwa hata kama anacheza. Kikohozi kisitibiwe kwa kukata kimeo. Kidonda kile ni mlango mwingine wa bakteria, na damu imewahi kuwamaliza watoto.

Kuhusu chakula, ule mwiko wa kumnyima mtoto wa surua mafuta na mboga uachwe. Kigoma tumejaliwa mawese. Rangi yake nyekundu ndiyo ile asili ya vitamini A, basi kijiko cha mawese katika uji wa mtoto aliyeanza kula ni kinga, ila yasichomwe hata yakawa meupe, kwani rangi ikipotea faida nayo imepotea. Papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, matembele, dagaa wazima waliotwangwa: vyote vipo sokoni Kasulu. Anyonye mara nyingi zaidi, na kwa wiki kadhaa baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, maana mtoto ameshatembea na kadi imeshawekwa darini. Chanjo ya nyumokokasi, iliyoanza nchini mwaka 2013, hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwaka 2022 surua ilipozuka katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, jirani zetu walizika watoto wengi.

SWALI LA MSOMAJI

Akina mama wa jumuiya moja ya Kasulu wametuuliza: "Mtoto aliyekwisha kuugua surua, kuna haja gani ya kumchanja?" Jibu letu ni kwamba achanjwe. Kwanza, upele mwingi tunaouita surua nyumbani si surua, na hakuna aliyeupima. Pili, sindano hiyo ina pia kinga ya rubela, ugonjwa unaomharibu mtoto aliye tumboni, na kuugua surua hakumkingi mtu na rubela. Tatu, chanjo haimdhuru aliyekwisha kuugua. Asubiri tu apate nafuu kutoka homa kali aliyo nayo, kisha apelekwe na kadi yake. Na kama kadi imeliwa na panya, apelekwe hivyo hivyo, ataandikiwa nyingine.